Mgomba Tu

Mzungu yule alikuwa msafi. Nataka hilo lijulikane kwanza, maana nikisema nilimwonea kinyaa watu hudhani alikuwa ananuka. Hakunuka. Alinukia sabuni, kola nyeupe, kucha zimekatwa, na kabla ya kukalia kigoda cha mama yangu alikifuta kwa leso, kigoda ambacho nilikuwa nimekisugua mimi mwenyewe asubuhi ile kwa majivu na maji. Miaka imepita, na bado nikikumbuka mate yake, yangu yananijaa mdomoni. Nitafika kwenye mate. Acheni niende taratibu, nisije nikamtukana mtu kabla hamjajua alichofanya.

Mimi ni Kokugonza. Niliolewa Izigo, lakini kwetu ni Ijuganyondo, juu ya mji wa Bukoba, kwenye kibanja cha Tata, shamba lake la migomba na kahawa. Tata ndiyo baba kwa Kihaya, na jina lake lilikuwa Mutalemwa. Mwaka ule wa hamsini na moja, kiangazi, kahawa ikiwa imetandazwa kwenye mikeka, nilidandia lori la kahawa nikaja kumwangalia mama yangu, Kokushubila, ambaye sisi watoto tulimwita Mae. Alikuwa akiishi na mdogo wangu Aroni, mwenye kibanja kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume.

Aroni alikuwa mwalimu wa shule, na Jumapili ndiye aliyesoma somo kanisani. Kaptula yake ilikuwa na mikunjo ya pasi unaweza kukatia nyanya. Mtu mwema, sikatai, hanywi rubisi, pombe yetu ya ndizi, hapigi mke. Lakini akimwona mzungu alikuwa anabadilika sauti, inapanda juu kidogo, inakuwa laini, na shingo inainama yenyewe. Mimi nilikuwa nikimtania kwamba siku moja shingo hiyo itagoma kurudi.

Mzungu mwenyewe jina lake lilikuwa kama kikohozi, sikuweza kulitamka. Watu walimwita Bwana Chuma. Alikuwa ofisa kwenye vita ya Hitla, na sasa alikaa kwenye nyumba moja kule chini ufukweni, kazi yake sikuielewa kamwe. Alichopenda nilikielewa. Alipenda takataka za vita ya kwanza, ile ya Mjerumani, wakati Waingereza walipotoka ziwani wakapanda vilima vyetu wakipiga mizinga siku mbili. Vita ilipokwisha, chuma kilibaki ardhini: maganda ya risasi, vifungo, vipande vya bunduki. Sisi jembe likigonga kitu kama hicho tulikitupa kwenye boma la miiba tukaendelea kulima. Yeye alikitafuta kama mtu aliyepoteza hereni.

Na alikuwa na mashine. Mpini mrefu, mwishoni sahani kubwa ya duara, waya unapanda mpaka kwenye mkoba wa betri mgongoni, na visikilizio vya kufunika masikio. Mashine hiyo ilitengenezwa kutafuta mabomu yaliyofukiwa njiani. Aliyeibeba ni Privatus, mtu wa Nyanga, aliyekuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, akaenda mpaka Burma. Kule ilimwokolea miguu, aliniambia baadaye, na huku inamtafutia bwana vifungo vya suruali za watu waliokufa.

Siku waliyokuja, Aroni aliwaleta yeye mwenyewe, anatangulia njiani akisogeza majani ya migomba ili yasimguse bwana usoni. Bwana Chuma alionyesha barua yenye muhuri. Hakuna aliyeisoma. Aroni alisema ni ruhusa ya kupita kwenye vibanja vya watu mradi mwenyewe akubali, na mwenyewe ni yeye, na amekwisha kubali. Mae akaniangalia. Alikuwa hajaulizwa.

Hata hivyo mgeni ni mgeni. Mae alimletea kahawa ya kutafuna, zile punje tunazochemsha na majani yenye harufu, kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko alichokisuka mwenyewe. Kwetu mgeni akikataa kahawa ya nyumba amekataa nyumba. Bwana Chuma alichukua punje mbili, akazinusa, akazitia mfukoni. Kisha akakiomba kikapu. Mae akampa kwa mikono miwili, akidhani anataka zaidi. Akazimwaga kahawa zote kwenye nyasi akaanza kukitumia kutilia misumari yenye kutu. Nilimtazama Aroni, nikingoja aseme neno. Aroni alikuwa akimwonyesha bwana pale ambapo zamani tulipata ganda la mzinga.

Walizunguka kibanja chote. Privatus alitembea polepole, anapeleka sahani kushoto, kulia, kushoto, na mashine ililia kila hatua chache. Wakachimba kipande cha jembe, pete ya pipa, maganda ya risasi kadhaa, na kifungo chenye picha ya ndege. Kifungo kilimfurahisha bwana mpaka akakionyesha kila mtu, hata mke wa Aroni aliyekuwa anamenya ndizi. Nyasi ambazo Mae alitandaza chini ya migomba msimu mzima waliziparua huku na huko na kuziacha vilevile. Nilizirudisha nyuma yao kwa mguu, nikinung'unika.

Halafu wakafika nyuma ya nyumba, upande wa kuchwea jua, penye migomba mitatu ya zamani. Mashine ikalia. Sauti nyembamba, safi, tofauti na ya misumari. Privatus akasimama.

Hapo ndipo alipolala Tata.

Ngoja nieleze, maana bila kueleza hamtaelewa kwa nini nina hasira mpaka leo. Mwaka wa kumi na sita, Mjerumani alipokwisha kuondoka Bukoba, Waingereza walichukua wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Tata alichukuliwa mimi nikiwa na miaka minne, Aroni akiwa bado tumboni. Wapagazi hao walivishwa shingoni kisahani kidogo cha shaba chenye namba. Jina halikuandikwa, namba tu. Miaka miwili baadaye akarudi mwenzake aitwaye Karugendo, mguu mmoja umeoza, akamletea Mae kile kisahani. Akasema Mutalemwa alikufa kwa kuhara damu kando ya mto ambao hata jina lake hakulijua, wakamfunika majani, wakaamriwa kuendelea.

Sasa mtu aliyefia mbali unamzikaje? Kwa wazee wetu wa ukoo haikuwa fumbo. Walikata mgomba, wakaupima kwa kimo cha marehemu, wakauvika lubugo, lile gome lililopondwa likawa nguo, na shingoni pake wakamfunga kile kisahani. Mae alikiosha kwanza kwa maji ya moto, kama mwili unavyooshwa. Watu walilia siku nne. Walinyolewa nywele. Mgomba ukazikwa, na kuanzia siku ile mahali pale pakawa Tata. Mae alipalilia pale. Akipata habari, alikwenda kumpa. Mimi nilipochumbiwa, nilipelekwa pale kuaga.

Kwa hiyo mashine ilipolia, Mae aliinuka mkekani, akaja, akasimama juu ya mahali penyewe. Akamwambia Privatus kwa Kihaya kwamba huyo ni mume wake. Hakupaza sauti. Privatus alivua visikilizio masikioni papo hapo, akamtazama Aroni, akamwomba amweleze bwana vizuri.

Bwana Chuma naye akageuka kwa Aroni. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuamrishia mpishi.

"Hapa iko mtu?"

Na mdogo wangu Aroni, mtoto wa Mutalemwa, akacheka kidogo, ile sauti yake ya juu, akasema:

"Hapana, bwana. Hakuna mtu. Mgomba tu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea kueleza, mara Kiswahili mara Kiingereza, kwamba ni mila za kale, watu wa zamani walikuwa gizani, walizika mgomba badala ya mtu, mifupa haipo. Bwana akauliza tena, kwa uhakika, hakuna mifupa? Hakuna. Basi si kaburi? Aroni akasema, kwa kweli, si kaburi.

Nikasema mimi. Nilisema ni kaburi, ni la baba yetu, aondoke. Bwana Chuma akamtazama Aroni kuuliza ninasema nini, na Aroni akamwambia, nilisikia kwa masikio yangu haya, kwamba dada yake hakusoma.

Kisha akamshika Mae mkono, taratibu, kama anayemsindikiza kanisani, akamsogeza pembeni. Mae alikwenda. Nadhani hakuamini kwamba mtoto wake atamwondoa juu ya mume wake, akadhani kuna maana nyingine.

Privatus alikataa kuchimba. Alijifanya waya umelegea, akainama kwenye mkoba wake akaufungua na kuufunga. Bwana Chuma alichimba mwenyewe, kwa koleo fupi, kwa ustadi, udongo upande mmoja, nyasi upande mwingine. Alifika kiunoni. Hakukuwa na mgomba wala lubugo, miaka zaidi ya thelathini udongo umekula vyote. Kilikuwepo kisahani peke yake, kijani kwa kutu, kimeshikwa na udongo. Akakiokota kwa vidole viwili, akakigeuza, hakikusomeka.

Akakitemea mate.

Akakitemea tena, akakisugua kwenye paja la suruali yake, akakiinua kwenye jua na kusoma namba kwa sauti, kwa Kiingereza, akitabasamu na Aroni akitabasamu naye. Nilikuwa nimesimama hatua tatu. Nililiona lile tone likiteleza kwenye kidole chake. Baba yangu, aliyeoshwa kwa maji ya moto na mikono ya mkewe, alitemewa mate na mtu mwenye kucha safi, akafutwa kwenye suruali, akatiwa kwenye kopo la tumbaku pamoja na kifungo cha ndege. Nikashika mgomba nisianguke.

Kabla ya kuondoka bwana alimpa Aroni paketi ya sigara. Aroni havuti. Aliipokea kwa mikono miwili akashukuru. Tunaitwa Wahaya, lakini siku ile haya ilikuwa imehama Ijuganyondo.

Jioni nilichukua jembe nifukie lile shimo, Mae akanizuia. Alisema shimo la mtu halifukiwi tupu. Likifukiwa tupu litadai mwingine, na tena yeye Mutalemwa akirudi atapita wapi. Akachukua mkeka wake, akautandika kando ya shimo, akaketi. Nikamletea ebitoke, ndizi za kupika, na maharage, akavisogeza. Kesho yake asubuhi alikuwa palepale, umande umemlowesha shuka. Alikunywa maji, hakula. Mchana vivyo hivyo. Alikuwa mwanamke mzee na mwembamba, na mimi nilijua kuhesabu: akikaa hivyo wiki moja, shimo lile litampata wa kulizibia.

Nikamfuata Aroni kwenye nyumba yake. Nilimsema mpaka nikakaukwa sauti. Nilimwita majina ambayo mke wake alitoka nje asiyasikie. Yeye alinisikiliza, mikono kwenye magoti, halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia. Akaniuliza kama najua walivyokuwa wakimwita shuleni. Sikujua. Walimwita mwana wa mgomba. Kila siku, tangu darasa la kwanza mpaka alipoota ndevu. Baba yako anazaa mkungu lini? Mletee baba yako mbolea. Mimi dada yake, alisema, nilikuwa na baba wa kumkumbuka, nilibebwa mabegani kwake. Yeye alipewa mgomba, na anapoambiwa auheshimu anasikia vicheko.

Nilimwonea huruma kidogo, kweli. Lakini huruma haikuondoa kile kinyaa, ilikichanganya tu, kama maziwa yaliyoganda kwenye chai. Nikamwambia vicheko vya watoto humlipizi mama yako. Kesho tutakwenda kwa bwana wako na utasema kwa Kiingereza chako hichohicho kwamba ulidanganya.

Asubuhi ya siku ya tatu tuliteremka mjini. Nyumba ya Bwana Chuma ilikuwa imetazama ziwa, na barazani kulikuwa na masanduku ya mbao, mengine yamekwisha kupigiliwa. Privatus alikuwa ameketi ngazini, anafunga mashine kwa turubai. Akanieleza kwa Kihaya kwamba bwana anaondoka na meli siku ileile, likizo ya Ulaya, na mali yake yote ya kuchimba anakwenda nayo. Hakuniangalia usoni.

Bwana mwenyewe alikuwa kwenye meza, mikono ya shati imekunjwa, kopo la dawa ya kung'arisha shaba mbele yake. Kwenye kitambaa cheupe ametandaza visahani. Visahani, nasema. Vingi. Ishirini, thelathini, sikuvihesabu. Vyote vimesuguliwa vinang'aa kama vimetoka dukani, vimepangwa safu kwa safu, na kila kimoja na namba yake.

Nilimwuliza Privatus vimetoka wapi. Akasema vibanja vya huku Bukoba, na vingine huko kwenu, Izigo na kusini yake. Karibu vyote, akasema, vilikuwa chini ya migomba.

Basi hatukuwa peke yetu. Kwenye nchi yetu yote, kila palipokuwa na mwanamke aliyemwosha mumewe kwenye bakuli, mtu huyu alipita na sahani yake, na kila mahali alimpata Aroni wa mahali hapo. Nilinusa ile dawa ya shaba, harufu kali inayokwangua pua, na nikajua kwamba nikikaa sana nitatapika juu ya kitambaa chake.

Aroni alisema. Nitampa haki yake, alisema, japo kwa sauti ndogo na shingo imeinama. Bwana Chuma hakukasirika hata kidogo. Alikuwa mchangamfu. Alimkumbuka Mae, mama wa kikapu. Akasema kama ni kitu cha kumpendeza bibi mzee, hana kinyongo, anaweza kutoa. Namba gani?

Aroni akanigeukia. Nikamwambia mimi namba naijulia wapi, si aliisoma mbele yako? Aliisoma kwa sauti, kwa lugha unayojivunia, ukiwa umesimama karibu naye kuliko mimi. Ilikuwa namba gani?

Akasema hakusikiliza.

Alikuwa anatabasamu, unaona. Mtu hawezi kutabasamu vile na kusikiliza.

Bwana Chuma akaangalia saa yake. Akafungua mikono juu ya meza kama mwenye duka.

"Chagua moja," akasema. "Yote sawasawa."

Nilimwambia Aroni amwambie nataka vyote. Baba yangu yumo humo, simjui ni yupi, kwa hiyo nitawachukua wote niwazike wote. Bwana Chuma alicheka, akatandaza kiganja juu ya safu zake, akasema hapana, kimoja. Basi nikainama. Nilikigusa kimoja kimoja. Niliviinua, nikavinusa, vyote vilinuka dawa ileile. Sijui nilitafuta nini. Uso, labda. Kimoja kilikuwa kibovu, kimechanika ukingoni na kutobolewa tobo jingine kando, tobo baya lisilo na duara. Nikakishika kidogo, nikasema moyoni Tata hawezi kuwa huyu aliyeharibika, nikakirudisha. Bwana akaangalia saa tena. Aroni, ambaye hakuweza kuvumilia mzungu kusubirishwa, akanyoosha mkono, akaokota kimoja kizima cha safu ya mbele, akasema asante. Akasema mara ya pili kwa Kiingereza.

Njiani kupanda nilitapika maji matupu. Aroni alinishikia kanga yangu. Nilipomaliza akaniambia, bila kunitazama, kwamba Mae ni mzee, macho yake si yale, tumwambie ni yeye. Afukie shimo, ale, aishi. Msidhani kinyaa changu ni cha wengine tu. Nilifikiri hatua kama kumi nikakubali.

Mae alikuwa amekwisha kuchemsha maji. Hakuuliza tumefanikiwaje, alituona tu tunakuja pamoja akaagiza mgomba ukatwe. Aroni akaukata. Kisha Mae akamwambia alale chini.

Aroni hakuelewa. Mae akasema baba yake alikuwa na kimo hichohicho, yeye amekuwa akikiangalia kikitembea uani miaka yote hii, kwa hiyo alale tupime. Aroni alisimama na kaptula yake ya pasi. Halafu akalala. Alilala chali kwenye udongo uliofukuliwa, kando ya mgomba, mikono ubavuni, na Mae akapitisha kiganja kutoka kisiginoni mpaka utosini, polepole, akatia alama kwa mundu, akakata. Nikaona machozi ya Aroni yanateremka kuelekea masikioni. Hakuyafuta.

Hapo Mae akaninyooshea mkono. Nikampa kisahani. Akakitia kwenye bakuli, akakiosha, akakipitisha dole gumba pande zote. Akakipitisha tena.

"Si yeye," akasema.

Nikaanza kusema, hata sijui nilisema nini, kwamba wamekisafisha ndiyo maana. Akatikisa kichwa. Karugendo alipomnyofoa Mutalemwa shingoni, alisema, tundu lake lilichanika. Yeye Mae ndiye aliyemtoboa tundu jingine, kwa msumari na jiwe, ili apate kumfunga kwenye mgomba. Huyu ana tundu moja tu.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, huo msemo kila mtoto anaujua. Mwosha alikuwa nyumbani, hai, ameketi kando ya shimo siku tatu, na sisi, mwalimu na dada yake, hatukuona haja ya kumwuliza baba yetu alikuwaje.

Aroni aliinuka akakimbia. Alikimbia kama alivyokuwa, udongo mgongoni, akapita katikati ya mikeka ya kahawa, akashuka kilima. Mimi sikukimbia. Nilibaki nimesimama, nikiangalia mkono wangu wa kulia.

Alirudi jua limeshuka, miguu imechubuka. Meli ilikuwa imekwisha ng'oa nanga, alisema, aliiona ikiwa mbali na gati. Aliita. Watu walimcheka.

Mae alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta lubugo, akaanza kuuvika ule mgomba, na alipofika shingoni akakifunga kile kisahani cha mgeni, kwa uangalifu, mafundo mawili.

"Mzikeni huyu," akasema. "Mkewe naye yuko mahali, amekaa kando ya shimo."

Tukamzika. Mae akala usiku ule, kidogo, na aliishi miaka sita baadaye. Alimpalilia mgeni yule kama alivyompalilia mumewe, ila habari za nyumbani hakumpa. Aroni siku hizi hasogezi majani mbele ya mtu. Ananitembelea Izigo, tunakunywa chai, hatulizungumzii.

Tata yuko Ulaya. Kwenye droo au kwenye kioo, sijui, ameng'arishwa, na labda mtu msafi humwinamia akasoma namba. Mae nilimzika bila kumwambia, na Aroni hajui mpaka leo, kwa sababu pale mezani alikuwa anamwangalia bwana na si mimi. Nilikuwa nimemshika. Matundu mawili, moja limechanika, nilimshika kwa vidole hivi, nikamwona mbovu, nikamrudisha kwenye kitambaa cha mzungu.